Kabla hakijafunikwa: jibu kwa mwalimu mwenye boma Chanika

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafanya kazi Tabora. Mwaka 2021 nilianza kujenga nyumba ya vyumba vitatu Chanika, Dar es Salaam, kwa mshahara na mkopo. Msimamizi wangu ni mdogo wangu anayeishi huko. Fundi aliniambia milioni 18 zinatosha kufikia boma, yaani kuta zikiwa zimesimama bila paa. Zimekwenda 31. Boma limesimama tangu mwaka jana, na sasa ufa umetoka kwenye pembe ya chini ya dirisha la sebuleni unashuka kuelekea msingi. Fundi anasema lipu itauziba, nitume pesa ya kupaua kabla vuli haijaanza. Je, nimeibiwa, au mimi ndiye sijui kusimamia? Na hii miradi mikubwa ya serikali, wao wanaisimamiaje mpaka inafika mwisho? Naambatanisha ramani na orodha ya manunuzi.

Mwalimu, pole, na hongera pia, maana boma la mshahara wa ualimu si jambo dogo. Orodha yako nimeipitia mstari kwa mstari nikiwa na ramani mkononi. Nianze na hilo la wizi, kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi.

Zimezidi milioni 13. Milioni 4.6 ni vitu ambavyo fundi hakuvitaja kabisa alipokupa ile hesabu ya mdomo: kifusi cha kujaza msingi na kazi ya kukishindilia, maji ya boza, nailoni ya chini ya jamvi (ile sakafu ya zege), dawa ya mchwa, mbao za fomu za kushikilia zege mpaka likauke, mirunda, misumari na waya wa kufungia nondo. Fundi wengi wakiulizwa "itanigharimu kiasi gani" wanahesabu matofali, saruji, nondo na ufundi wao, basi. Milioni 3.4 ni baraza na jiko la nje, ambavyo kwenye ramani havipo. Laki 9 ni mlinzi wa miezi tisa. Hayo yote si wizi, ni makadirio ambayo hayakuwahi kufanywa.

Sasa matofali. Ramani yako ni mita 11 kwa 9. Nimepima kuta zote, za nje na za ndani, kwa kimo cha mita 3, nikatoa milango na madirisha, nikapata mita za mraba 174. Tofali la inchi 6 lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 huenda kama 9 kwa mita moja ya mraba. Hiyo ni kama 1,570, na ukiongeza ya kuvunjika, 1,650. Orodha inasema 2,600, na hapo sijagusa yale ya msingi. Matofali 950 kwa bei uliyoandika ya shilingi 1,300 ni kama milioni 1.2. Ama yalivunjika, maana kuna watengenezaji wanaotoa matofali 60 katika mfuko mmoja wa saruji badala ya 30 au 35, na tofali la namna hiyo linameguka ukilishusha tu kwenye gari. Ama hayakufika. Mdogo wako ameandika idadi inayofanana kila tripu, 500, 500, 500, na hilo linaniambia alikuwa akiandika alichoambiwa na dereva. Simtuhumu. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake ni kuhesabu.

Zinabaki kama milioni 2.9 ambazo siwezi kuzieleza kwa karatasi hizi.

Lakini lililonishtua zaidi kwenye orodha si kilichozidi, ni kilichopungua. Jamvi lako ni mita za mraba 99. Kwa unene wa sentimita 10 ulioandikwa kwenye ramani, hilo ni zege la karibu mita 10 za ujazo. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, hula mifuko sita na nusu hivi ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Jamvi lako lilitakiwa kumeza mifuko 62 hadi 65. Limemeza 42. Kwa hiyo, ama lina unene wa sentimita sita na nusu, ama zege ni dhaifu, lina saruji pungufu. Siku hiyo uliona umebana matumizi, na fundi alikusifia. Mwambie mdogo wako atafute ukingo wa jamvi pale mlango wa nyuma, akwangue udongo, aweke futi kamba, akupigie picha. Dakika tano zinatosha.

Na hapo ndipo swali lako la miradi mikubwa linapoingia, kwa sababu wakubwa hawana siri nyingi kuliko wewe. Chukua Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji. Wazo la kulizuia lile korongo lilikuwepo tangu enzi za wakoloni, na miaka ya 1970 wataalamu wa Norwei walikuja kulifanyia uchunguzi. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018. Yaani wazo, vipimo vya maji na miamba na michoro vilikula miongo, zege likala miaka michache. Hata hivyo walichelewa. Lilipangwa kukamilika Juni 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi mwanzoni mwa 2024. Kwa hiyo usijilaumu sana.

Nataka uitazame siku moja tu ya mradi ule, tarehe 22 Desemba 2022. Siku hiyo rais alibonyeza kitufe, likafungwa handaki lililokuwa likipitisha mto pembeni, maji yakaanza kujaa nyuma ya ukuta. Baada ya hapo, chochote kilicho kwenye kitako cha ukuta kiko chini ya maji. Hukioni tena. Kila aliyetakiwa kukagua alipaswa kuwa amekagua na kutia sahihi kabla lango halijashuka.

Nyumba yako imejaa siku kama hiyo, Mwalimu, ila hakuna rais anayekuja kubonyeza kitufe. Ujenzi una tabia ambayo ushonaji na useremala hawana kwa kiwango hicho: kila kazi inaizika iliyotangulia. Zege la msingi linafunika udongo. Kifusi kinafunika matofali ya msingi. Jamvi linafunika kifusi, zege la mkanda, ule unaozunguka juu ya kuta, linafunika nondo, lipu inafunika ukuta na paipu za umeme, dari inafunika kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Ubaya wa kazi huonekana kwa saa chache tu kati ya kumalizika kwake na kufunikwa. Anayesimamia ujenzi kwa kweli anasimamia saa hizo. Siku nyingine zote anaweza kwenda kufundisha.

Niliwahi kulipuuza hilo na likanigharimu. Nilikuwa kijana kwenye saiti ya bweni moja la wanafunzi, gari la zege limefika getini tangu saa kumi alfajiri, dereva anapiga honi, na mimi bado sijapanda kukagua nondo za nguzo za pembeni. Kiongozi wa mafundi akanihakikishia kwamba zimefungwa kama za jana. Nikasema mwageni. Fomu zilipotolewa, nguzo mbili zilikuwa na ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushia nondo za wima, zilizoachana kama hatua ya mtu mzima, badala ya shubiri moja, na tulijua kwa sababu tu moja ilikuwa imechungulia nje ya zege. Tulizibomoa kwa nyundo na tindo siku mbili, mhandisi mshauri amesimama anatutazama bila kusema neno. Gari la zege lingesubiri nusu saa.

Ukiona uzito wa jambo hili kwa upande wa roho za watu, utaelewa kwa nini nalirudia. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi katikati ya Dar es Salaam lilianguka likaua watu 36. Nyumba yako si ghorofa, haitafika huko. Ila ukaguzi unaorukwa kwenye nyumba ya chini ni uleule unaorukwa juu.

Sasa nikupe mpangilio wa uhai wa mradi, lakini si kwa mtindo wa vitabuni, maana nusu ya hatua hizo zimekwishakupita. Uliyoyaruka mwanzoni ni mawili: kuchimba shimo la kujua udongo kabla ya kuchora msingi, na kupata makadirio ya kweli, ile karatasi ambayo mafundi wote wanaiita BOQ, inayoorodhesha kila kazi, kipimo chake na bei yake. Kibali cha ujenzi unacho, nimekiona, na hilo limekuweka mbali na balaa la alama nyekundu ya X ukutani, ile ya nyumba za kubomolewa. BOQ hujachelewa kuipata kwa kazi iliyobaki. Mtafute mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, umlipe, naye atakutolea hesabu kuanzia kupaua hadi rangi. Usishtuke ukikuta kwamba umefika nusu ya safari au chini ya hapo. Kwa nyumba nilizozihesabu mimi, boma hudanganya macho. Linaonekana ni nyumba nzima imebaki bati, kumbe milango, madirisha ya aluminiamu, vigae, mabomba, waya, dari, rangi na shimo la choo vinaweza kukushinda kuliko kuta zote zile.

Kwa kuwa unajenga kwa mshahara, utasimama mara nyingi, na hakuna aibu. Lakini chagua pa kusimama. Kuna vituo ambapo nyumba inaweza kukusubiri mwaka bila kuharibika, na kuna vingine kila mvua inakula pesa yako. Msingi uliokwisha kujazwa na kumwagiwa jamvi unasubiri vizuri. Nyumba iliyopauliwa ikawekwa grili na mlango inasubiri vizuri zaidi. Msingi ulioachwa wazi bila kifusi haufai kusubiri, maji yanasimama ndani na kulainisha udongo wa kitako. Nondo zilizochomoza juu ya nguzo nazo zinaliwa na kutu, na Dar hewa yake ina chumvi. Boma lisilo paa ndilo kituo kibaya ambacho watu wengi hukichagua, kwa sababu ndipo pesa huishia. Ungekuwa umeniuliza 2021 ningekwambia subiri juu ya jamvi mpaka uwe na pesa ya kuta na paa kwa pamoja.

Sasa usimamizi wenyewe. Wewe umefanya kile ambacho serikali inakiita fosi akaunti, bila kujua jina lake. Huna mkandarasi, unanunua vifaa mwenyewe na kumlipa fundi ufundi tu. Ndivyo yalivyojengwa yale madarasa 15,000 ya fedha za Uviko mwaka 2021 na 2022, na bila shaka shule yako ilipata mawili matatu. Ukumbuke pale shuleni zilivyoundwa kamati, ya manunuzi, ya mapokezi, ya ujenzi. Walimu wengi waliziona ni usumbufu wa posho na vikao. Lakini maana yake ni nzuri mno: anayenunua si anayepokea, na anayepokea si anayejenga. Kwako wewe, fundi ndiye aliyekuwa anataja kinachohitajika, anachagua duka, anapokea mzigo na kuutumia. Mdogo wako alikuwa mtu wa kushika simu.

Kwa hiyo mgawanyo mpya uwe hivi. Vifaa vinatajwa na BOQ, si fundi. Unamlipa mwenye duka wewe mwenyewe kutoka Tabora kwa simu au benki, naye anakutumia risiti. Mdogo wako anapokea: anahesabu matofali yakiwa yamepangwa chini, si yakiwa kwenye gari, anaandika kwenye daftari tarehe, idadi na namba ya gari, na dereva anatia sahihi. Mifuko ya saruji mitupu asiiruhusu itupwe. Anaifunga kumi kumi na kuitunza mpaka kazi hiyo iishe, kwa sababu mfuko mtupu ndio ushahidi pekee kwamba saruji iliingia kwenye zege na haikurudi dukani. Hii mbinu nilifundishwa na mlinzi, si chuoni.

Na fundi mwandikie mkataba, hata wa karatasi moja. Usimlipe kwa siku wala kwa "awamu" zisizo na maana. Mlipe kwa kazi iliyokwisha na kukaguliwa kabla haijafunikwa. Ukishamwekea vituo hivyo, atakuwa yeye ndiye anayemtafuta mkaguzi, siyo wewe kumkimbiza. Mfano wa kupaua: malipo ya kwanza kenchi zikisimama na kufungwa kwenye mkanda kwa nondo au waya mzito, papi, zile mbao za kupigilia bati, zikiwa juu lakini bati bado. Hapo mhandisi anapanda anatazama. Ya pili bati likikamilika. Asilimia 5 au 10 ya ufundi wote unaizuia kwa miezi sita, mpaka mvua moja kubwa ipite. Serikalini hicho ndicho kipindi cha matazamio, na mkandarasi mwenye akili hukipangia bajeti. Fundi wa mtaani atanuna mara ya kwanza. Muongezee kidogo kwenye bei ya jumla ili akubali.

Mhandisi humhitaji kila siku. Kwa nyumba yako ya chini, ziara nne tano kwa mradi uliobaki zinatosha, na malipo yake hayafiki thamani ya yale matofali 950. Hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, orodha yao iko wazi mtandaoni. Na siku ukiamua kumpa mtu kazi yote, vifaa na ufundi, basi awe mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa daraja linaloruhusu kazi ya kiwango chako. Daraja la saba, ambalo ndilo la chini, linakutosha kabisa.

Kuhusu mabadiliko nitasema kwa ufupi tu, maana unajua lililotokea kwenye baraza. Kuanzia sasa, wazo lolote jipya, la kwako, la mdogo wako au la fundi, liandikwe kwenye ujumbe wa simu pamoja na bei yake, na usiseme ndiyo siku hiyohiyo. Lala nalo. Hakuna kipindi ambacho wazo huwa rahisi kama lingali penseli kwenye ramani. Pia fundi umeme na fundi bomba waingie kabla ya lipu, na kila paipu ipigwe picha ukutani huku futi kamba imenyooshwa kutoka kwenye pembe. Miaka kumi ijayo utataka kutundika kabati, utazitafuta hizo picha kuliko za harusi.

Tufike kwenye ufa, ambao nimeuweka mwisho kwa makusudi kwa sababu uamuzi wako wa pesa unategemea huo. Fundi anaposema lipu itauziba hakosei, itauziba usiuone. Ufa unaoanzia pembe ya chini ya dirisha ukishuka mshazari una maelezo yake: ukuta wa chini ya dirisha haubebi kitu, lakini vipande vya ukuta vya kulia na kushoto vimebeba mkanda wote. Msingi ukiwa dhaifu, au kifusi kikiwa hakikushindiliwa, au maji ya mvua yakisimama upande ule, vile vipande vinashuka na cha katikati kinabaki, vinaachana pembeni. Ukuta unaweza ukawa umeshuka mara moja ukatulia. Au bado unashuka. Kwa picha sijui, na fundi naye hajui.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako achukue penseli. Kwenye ncha ya chini ya ufa na ncha ya juu achore mstari mfupi wa kukata, aandike tarehe kando yake. Katikati apake bonge dogo la plasta ya jipsamu, upana wa kiganja, likamatie pande zote mbili za ufa. Jipsamu haivutiki, ukuta ukisogea hata unene wa kadi ya simu itapasuka. Apige picha leo, halafu kila mwisho wa mwezi, Oktoba, Novemba, Desemba. Wakati huohuo achimbe mfereji wa kuondoa maji upande huo wa sebule, na juu ya kuta zote afunike nailoni iliyobanwa kwa matofali, yale ya ziada kama yapo.

Usitume pesa ya kupaua sasa. Vuli ndiyo itakayokupimia. Kama mwisho wa Desemba jipsamu ni nzima na ufa haujavuka alama ya penseli, mhandisi akathibitisha, paua Januari na Februari, umalize kabla ya masika. Kama imepasuka, ile pesa ya bati inashuka chini kwanza, kwenye kuchimba pembeni ya msingi pale dirishani kutazama kitako kikoje, na paa litasubiri. Picha ya Oktoba nitumie pamoja na ile ya futi kamba kwenye ukingo wa jamvi. Nina hamu ya kuijua hiyo ya jamvi.